Kidole Gumba cha Mbandua Ulanga

Kitabu cha tatu asubuhi hiyo kilikuwa kibishi. Kitabu ndilo jina wanalolipa pande la ulanga, jiwe lile linalometameta, kama lilivyotoka shimoni, kwa sababu limejaa kurasa, moja juu ya nyingine, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na katika kurasa zote hizo hakuna hata herufi moja. Wembe alichomeka kisu kwenye pembe, akakizungusha kidogo, pembe ikaachia. Kazi ya kisu huishia hapo. Kisu hufungua mlango tu, anayeingia ndani ni kidole gumba. Akakipitisha taratibu kati ya tabaka na tabaka, kikateleza mpaka ng'ambo, na karatasi ikabanduka nzima, angavu, unaweza kumwona mtu kupitia kwayo. Akaipinda karibu na sikio. Ikatoa mlio mkavu, mmoja. Nzuri. Akaitia kwenye kapu la daraja la kwanza.

Miaka thelathini na moja alikuwa akifanya hivyo. Jina la Wembe alipewa kwa sababu alibandua karatasi nyembamba kuliko mtu yeyote pale kiwandani, na sasa hata yeye ukimwita kwa jina la kwenye cheti hageuki haraka.

Mbele yake, upande wa pili wa benchi, kulikuwa na kigoda kisichokaliwa na mtu. Hapo ndipo alipokuwa akikaa mkewe. Miaka kumi na nane walikuwa wakitazamana juu ya ulanga, yeye akibandua, mkewe akikata kingo kwa mkasi. Mkewe alipokufa, msimamizi alisema nafasi hiyo haitajazwa, kampuni inabana matumizi. Kazi ya kingo akaongezewa Wembe. Kigodani wakaweka kapu la makapi.

"Shemeji!" Mama Pacha alimwita kutoka mwisho wa benchi. Alikuwa rafiki ya marehemu na jirani yao wa ukuta kwa ukuta. "Hujaenda kuhakikiwa? Leo ndiyo mwisho, saa kumi."

"Nitakwenda wakati wa chai."

"Wakati wa chai foleni itakuwa imefika chooni. Ukikosa chumba utakuja kulala barazani kwangu, na mume wangu ana wivu."

Wanawake wakacheka. Wembe hakuinua uso. "Mume wako ana mwaka wa tatu hajarudi."

"Ndiyo ujue wivu wake umekomaa!"

Safari hii hata Wembe alicheka, na kicheko kikamletea kikohozi. Vumbi la ulanga halina haraka. Linaelea hewani linametameta kama kitu cha arusi, ukilitazama kwenye mwanga wa dirisha unaweza ukalipenda, na linaingia kifuani bila kubisha hodi.

Habari ya uhakiki ilikuwa imebandikwa kwenye milango ya vyumba vya wafanyakazi wiki mbili nyuma. Wakubwa walikuwa wamesikia kwamba katika vyumba vya kampuni kuna wakazi hewa, watu walioandikwa lakini hawapo. Basi kila mkazi afike ofisi ya makazi, aweke kidole kwenye mashine, aonekane. Asiyeonekana mpaka saa kumi ya siku ya mwisho anahama siku hiyohiyo. Waliosikia habari hiyo ya wakazi hewa wenyewe wanakaa kwenye nyumba za uzio na bustani, na haijasikika siku hata moja kwamba kuna mtu aliyekwenda kuwahakiki.

Saa nne Wembe alijifuta mikono kwenye suruali, akaenda.

Foleni haikuwa imefika chooni, ilikuwa imepita. Zamu yake ilipofika, chai ilikuwa imekwisha na kengele ya kurudi kazini imeshalia. Karani alikuwa msichana wa umri wa kuweza kuwa binti yake, ana sauti ya upole ya mtu aliyechoka. Mbele yake kulikuwa na kompyuta, na kando ya kompyuta kidude cheusi chenye kioo, saizi ya kipande cha sabuni.

"Kidole gumba cha kulia, baba. Weka hapo ubonyeze."

Wembe akaweka. Kidude kikalia mlio mbaya, taa nyekundu.

"Umeteleza, baba. Usiteleze. Bonyeza."

Akarudia. Kidole kikateleza tena. Si kwa makusudi. Miaka thelathini na moja kidole kile kimefundishwa kwamba kikigusa kitu laini kipite, kitafute njia ya upande wa pili, na sasa kinaambiwa kisimame. Mtu wa nyuma yake akaguna, "Mzee anataka kuibandua mashine." Watu wakacheka.

"Hebu nikushike," karani akasema. Akakishika kidole, akakikandamiza mwenyewe. Taa nyekundu. Akakifuta kwa pamba yenye spiriti. Nyekundu. Akampaka mafuta ya mkono kutoka kwenye mkoba wake. Nyekundu. Wakajaribu cha kushoto, wakajaribu vyote kumi, mpaka vidole vidogo. Mwishowe msichana akaugeuza mkono wa Wembe kwenye mwanga, akautazama kama mtu anayetafuta mwiba.

"Huna mistari," akasema.

Wembe naye akatazama. Kweli, hakuwa nayo. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini, zinang'aa kidogo, kama mgongo wa kijiko. Ulikuwa mkono wake na hakuwahi kuuangalia hivyo. Kila siku makali ya karatasi za ulanga yanapita mahali palepale, na kila siku yanaondoka na kitu kidogo ambacho mtu hakioni.

"Ni kazi," alisema. "Kazi imevila."

"Naamini, baba. Lakini nikiacha hivi inaandika mkazi hewa."

"Mimi si huyu hapa? Hunioni?"

"Mimi nakuona. Ila hapa si mimi ninayeona. Anayeona ni hii." Akakigonga kidude kwa kalamu. Kisha akatoa fomu kwenye droo. "Kuna njia nyingine. Mtu asiye na alama za vidole anajaziwa hii. Hapa wanataka barua ya mwajiri, aeleze alama zimepoteaje. Ukiniletea kabla ya saa kumi nakuingiza kwa mkono, yanakwisha."

Wembe aliipokea fomu. Msichana alipoinama kugonga muhuri, kope zake zikametameta. Alikuwa amepaka rangi ya fedha.

"Hiyo ya machoni ni ulanga," Wembe akamwambia.

"Acha utani, baba. Hii inatoka nje ya nchi."

"Ulanga ulikwenda huko, ukasagwa, ukarudi. Hata rangi za magari wanautia. Labda huo ulipita mkononi mwangu."

Msichana akajigusa kope, akatabasamu kidogo, akaita, "Anayefuata!"

Meneja wa wafanyakazi hakuwepo. Alikuwa na wageni, Wembe akaambiwa arudi saa nane. Msimamizi wa benchi alikuwa amekwisha kumwandika Wembe mtoro wa nusu siku, kwa hiyo hakuona sababu ya kurudi kazini kabla ya barua. Akaenda nyumbani.

Vyumba vya wafanyakazi vilikuwa safu mbili zinazotazamana, mabati kwa mabati, na uchochoro wa saruji katikati. Chake kilikuwa namba kumi na moja. Alipofika mlangoni alisema "Hodi," kwa sauti ya chini. Huo ulikuwa mchezo wao. Aliyetangulia kutoka kazini alijibu, "Karibu mgeni, ila chakula ni cha wenyeji." Sasa alibisha hodi tu, akasubiri muda ule wa kujibiwa, akaingia.

Kitanda, meza, jiko, masanduku mawili. Mito miwili, mmoja umebonyea na mmoja haujabonyea. Dirisha moja, na kwenye dirisha, badala ya kioo, karatasi ya ulanga pana kama sinia. Kioo kilivunjwa na mvua ya mawe, ofisi ikasema italeta kingine, huu ni mwaka wa tisa. Mkewe ndiye aliyeokota karatasi ile kwenye makapi. Ilikataliwa kwa sababu ya baka la rangi ya kutu katikati. Kama si baka, ingekwenda kukaa kwenye mlango wa tanuru la watu wenye fedha, mahali moto unapotakiwa kuonekana bila kupasua kioo, maana ulanga haushtuki na moto. Mkewe aliikata kwa mkasi, akaipigilia, akasema, "Sasa tuna jua letu wenyewe, halichwi." Baka lilikuwa pale kama jua la mchana.

Wembe alikaa kitandani upande wake. Hakulala upande ule mwingine hata siku moja tangu mkewe aondoke. Si kwamba aliogopa. Alikuwa hajui tu auanzeje.

Kifua cha mkewe kilianza na kukohoa, kikaenda mpaka akawa hawezi kumaliza sentensi. Zahanati ya kampuni ilimpa dawa ya mafua miezi minne. Siku aliyokufa, kabla mwili haujatolewa chumba cha maiti, watu wa kampuni walimletea Wembe karatasi aweke sahihi. Iliandikwa kwamba marehemu alikuwa na kifua cha tangu utotoni na moshi wa jikoni ukakizidisha. Wembe alisema hapana, mke wangu hakuwa na kifua, nilimwoa mzima. Wakamwambia, mzee, bila sahihi mwili hautoki, na leo Ijumaa, ofisi inafungwa mpaka Jumatatu. Akaweka. Mwaka wa pili sasa, hakuna siku inayopita bila kukumbuka uzito wa kalamu ile.

Saa nane kamili alikuwa nje ya ofisi ya meneja. Mhudumu alikuwa akinyoosha vitambaa vya meza kwa ajili ya wageni, pasi ikitoa mvuke. Wembe aliitazama. Tumboni mwa pasi ile waya wa moto umezungushiwa ulanga, kwa sababu ulanga hauungui na haupitishi umeme. Bila ulanga huo, umeme ungekuwa umeshamrukia mhudumu. Watu wananyoosha nguo nchi nzima, hakuna anayeuliza nani aliubandua.

"Mzee Wembe!" Meneja alikuwa mchangamfu, ametoka kula vizuri. "Ingia, ingia. Kaa. Una nini?"

Wembe alieleza. Akaweka fomu mezani, akanyoosha mikono juu yake, viganja juu. Meneja alivitazama vidole, akaitazama fomu, akavuta droo. Hakuandika kitu. Barua ilikuwa imeshaandikwa, imepigwa chapa, imebaki nafasi ya jina tu. Kumbe Wembe hakuwa wa kwanza.

"Weka sahihi hapo chini, nami naweka yangu, umemaliza."

Wembe aliishia darasa la nne. Alisoma kwa kuifuata mistari na kidole, na meneja alitazama saa mara mbili. Barua ilisema kwamba alama za vidole vya mfanyakazi huyu zimepotea kwa ajali ya moto nyumbani kwake, iliyosababishwa na uzembe wake mwenyewe.

"Sikuungua, bosi."

"Najua hukuungua."

"Ni ulanga."

"Mzee wangu, sikiliza. Nikiandika kazini, kesho nina wanawake kumi na watano hapo mlangoni wameninyooshea vidole. Keshokutwa nina mkaguzi. Wiki ijayo wale wanunuzi wa nje wanauliza maswali. Mimi nina wakubwa juu yangu."

"Kwani si ndivyo ilivyo? Si ni kazini?"

"Sijasema sivyo. Nasema siandiki." Akasogeza kalamu. "Ni maneno tu haya. Utalala chumbani kwako leo, kitandani kwako. Unapoteza nini?"

Wembe aliishika kalamu. Ilikuwa nyepesi, ya plastiki, tofauti na ile nyingine. Akafikiria chumba. Akafikiria kwamba akitoka mle hakuna mahali pengine duniani ambapo mkewe aliwahi kupigilia msumari. Akausogeza mkono karibu na karatasi, na mkono ukatulia hapo.

"Ile ya kwanza niliweka," alisema. "Hii siweki."

"Ya kwanza ipi?"

"Ya marehemu."

Meneja alikunja uso, anatafuta. "Marehemu yupi?"

Wembe alimwangalia. Mtu yule hakuwa akijifanya. Kweli alikuwa amesahau. Alisimama mwenyewe kwa miguu yake mle chumba cha maiti, akasema pole sana mzee, kalamu hii hapa, na sasa haikumbuki hata sura.

"Alikaa benchi la tatu," Wembe akasema. "Alikuwa anakata kingo."

"Basi, pole sana. Lakini hilo na hili ni mambo mawili."

"Ni moja, bosi."

Wembe akavuta barua. Maneno yote kuanzia *kwa ajali ya moto* mpaka *uzembe wake mwenyewe* akayakata kwa mstari, polepole, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa za darasa la nne: KAZINI. Kisha akaweka sahihi yake, akamsogezea meneja. Meneja hakupiga kelele. Aliichukua barua kwa vidole viwili, akaikunja mara nne, akaitupa kwenye kapu, akasema ana kikao.

Kwa karani alifika saa kumi kasoro dakika kumi, mikono mitupu. Msichana alimwona, akaangalia nyuma yake kama barua inakuja na mtu mwingine. Wembe akatikisa kichwa.

"Nisamehe, baba," alisema. Akafunga kompyuta saa kumi kamili.

Mlinzi alikuja saa kumi na nusu na kufuli jipya, na kidude kingine kama kile cha ofisini, hiki cha kubebwa. Alikuwa mtu mzima, koti la sare limempwaya, naye anakaa safu ya pili. Alibisha mlango uliokuwa wazi.

"Mzee Wembe, unajua mimi natumwa tu."

"Najua."

"Nikusaidie kutoa?"

"Kitanda tu. Vingine nitabeba."

Walikitoa kitanda kwenye uchochoro, wakakisimamisha ukutani. Wembe akatoa meza, jiko, masanduku, mito. Milango ya majirani ilikuwa ikifungwa mmoja mmoja, taratibu, watu wasionekane wanaona. Kati ya vyumba ishirini na vinne, ishirini na viwili vilikuwa na watu ndani wamekaa kimya. Mama Pacha pekee alibaki kizingitini kwake, khanga mabegani. Hakufanya utani. Alikuwa akisugua kidole gumba kwa kidole cha shahada, anasugua tena, kama mtu anayehesabu nyuzi za kitambaa.

"Mimi kilisoma mara ya tano," alisema kwa sauti ndogo. "Mara ya tano, shemeji. Kwa tabu."

"Mwakani hakitasoma," Wembe akajibu.

Mama Pacha akarudi ndani. Hata yeye.

Mlinzi akafunga mlango wa namba kumi na moja, akatia kufuli, akajaribu kulivuta. Kisha akamletea Wembe kidude. "Sasa weka kidole hapa, mzee. Ni lazima mkazi athibitishe amekabidhi chumba, la sivyo haikubali kufunga."

"Hicho si ndicho kilichosema sipo?"

"Weka tu."

Wembe akaweka. Mlio mbaya, taa nyekundu. Mlinzi akamwambia abonyeze. Nyekundu. Akakifuta kioo kwa mkono wa koti. Nyekundu.

"Basi," Wembe akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akahisi kifua kinafunguka. "Kama sipo, sijatoka. Fungua nirudishe kitanda."

Mlinzi alitazama huku, akatazama kule. Uchochoro ulikuwa mtupu. Akanyanyua kidole gumba chake mwenyewe, chenye kucha chafu, akakibandika kwenye kioo. Kidude kikatoa mlio mzuri, taa ikawa ya kijani, na maandishi yakatokea: CHUMBA 11. MKAZI AMEKABIDHI. ASANTE.

Wembe alikodolea macho ile taa ya kijani mpaka ikazimika.

"Kumbe kidole cha mtu yeyote kinafaa?"

"Cha kutoka tu, mzee," mlinzi alisema, hakumtazama. "Cha kukaa ndicho chenye masharti."

Akatia kidude mfukoni. Hatua chache akasimama, akageuka, kama mtu aliyekumbuka habari njema.

"Ila kazini bado upo. Nimeiona orodha. Kule hawataki kidole, wanahesabu makapu. Saa moja asubuhi, usichelewe, ukichelewa wanakukata."

Alipoondoka, Wembe aliuweka mto mmoja juu ya mwingine, akaifunga kwa kamba. Godoro akalikunja, akalijaribu bega la kulia, likamwelemea. Kikohozi kikamshika, akasubiri kipite. Akalihamishia bega la kushoto, akasimama katikati ya uchochoro, hajui aelekee upande gani, na nyuma ya milango ile yote hakuna aliyekohoa.